Kamba Haifungwi Nguzoni

"Nenda," alisema Gudveig bila kuinua macho kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Nani amekuzuia? Mlango ule pale. Ila ukishaingia kwenye maji yale, mimi usinihesabu tena kwenye mambo yenu."

Eldrid alikuwa amesimama katikati ya jiko, mkono mmoja umeshaingia kwenye koti na mwingine bado. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa darasa la pili, mwanamke anayeweza kunyamazisha watoto kumi na wanane kwa kuwatazama tu. Mbele ya mama yake, macho hayo hayakuwahi kufua dafu.

"Mama, ni mita sita. Sita tu. Maji yakitulia unaona mpaka chini ukiwa gatini."

"Baba yako ilikuwa mita ngapi?"

Eldrid akageukia dirisha.

"Si nakuuliza? Mita ngapi?"

"Kumi na nne."

"Haya." Kisu kikaendelea na kiazi.

Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka. Paja la kondoo lilikuwa tayari kwenye oveni, machungwa yamejaa bakuli mezani, na nje theluji ya mwisho ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye paa tone kwa tone. Siku nyingine yoyote wangekuwa wamekaa wawili hao wakigombania fumbo la maneno gazetini. Siku hiyo gazeti lilikuwa bado limekunjwa.

"Mama, Jostein anataka jibu. Jumatatu anapanda meli kwenda Vardø, kwenye kile kituo cha utafiti wa bahari. Miaka mitatu. Anataka niende naye nikiwa mke wake."

"Nimesikia. Kisiwa kizima kimesikia. Hata kondoo wa baba yako mdogo Oddleiv wamesikia."

"Sasa mimi nimjibuje wakati sijui anakokwenda kila siku? Anashuka, anarudi macho yanamng'aa, anaanza kunieleza, maneno yanamwishia njiani. Baba naye alikuwa vivyo hivyo. Nataka nikaone mwenyewe, mara moja tu. Nikishaona nitamjibu."

"Na ukiona ukapenda?"

"Nitamwambia ndiyo."

"Na ukiona ukaogopa?"

"Nitamwambia hapana. Nitabaki hapa tumenye viazi mimi na wewe mpaka tuzeeke."

Hapo ndipo Gudveig alipoinua macho. Yalikuwa mekundu, na si kwa kitunguu, maana kitunguu kilikuwa bado hakijakatwa.

"Mwambie huyo Jostein wako kwamba mzamiaji hali tena mezani kwangu. Nililisha mmoja miaka ishirini na miwili. Yatosha."

Eldrid akaingiza mkono wa pili kwenye koti. Alikuwa ameshafika mlangoni sauti ya mama yake ilipomfuata, kavu, kama ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Na hiyo zipu ya mgongoni, ya suti ya kuzamia, muikaze mpaka mwisho. Mtu hudhani imefika, kumbe bado vidole viwili."

Eldrid alifunga mlango taratibu, akasimama kwenye ngazi akalia kidogo, kisha akafuta uso na kuteremka gatini.

Mtu asiyemjua Gudveig angedhani ni mwanamke mwenye roho ngumu. Kisiwani Sandvær hakuna aliyedhani hivyo. Mumewe, Asbjørn, alikuwa mzamiaji wa kome, wale wakubwa wa duara wanaolala mchangani, na miaka yote ya ndoa yao Gudveig ndiye aliyemshikia kamba. Yeye chini, mkewe gatini, na kati yao kamba yenye lugha yake. Mvuto mmoja kutoka juu maana yake ni uko salama? Mmoja kutoka chini, salama. Miwili kutoka chini, nilegezee nisogee mbele. Minne kutoka juu, acha kila kitu upande sasa hivi. Halafu kulikuwa na mitano, ambayo haimo kwenye kitabu cha mzamiaji yeyote duniani: kahawa tayari.

Siku ile, miaka tisa iliyopita, walikuwa wamegombana wakati wa kifungua kinywa. Waligombania nini, Gudveig hakuwahi kumwambia mtu, hata binti yake. Alibaki nyumbani kwa hasira. Asbjørn akaifunga kamba kwenye nguzo ya gati, akashuka peke yake. Daktari alisema ni moyo, ungeweza kumkamata hata kitandani. Gudveig alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na tangu siku hiyo hakukanyaga gatini.

*

"Umelia," alisema Jostein mara alipomwona.

"Upepo."

"Leo hakuna upepo, Eldrid."

"Basi nimelia. Nipe suti."

Jostein hakuwa mwanaume wa kutazamwa mara mbili barabarani. Pua ilikuwa imepinda, masikio yalikuwa mekundu kuanzia Oktoba mpaka Mei, na nywele alizikata mwenyewe, jambo ambalo halikuhitaji kuulizwa. Lakini alikuwa na namna ya kutazama kitu kana kwamba ana siku nzima ya kukitazama, na alipokutazama wewe hivyo, ulijisikia umeonekana. Eldrid alipatwa na macho hayo miezi minane iliyopita, kwenye maonyesho ya picha zake za chini ya maji shuleni kwao, na mpaka leo hajapona dalili hata moja. Moyo wake ulikuwa bado ukigonga kila akimwona, gong'o, gong'o, hata akiwa amevaa kofia ile mbaya ya sufu.

"Ngoja niangalie zipu," alisema Jostein. Aliyeifunga alikuwa Oddleiv, mdogo wake marehemu Asbjørn, mwenye gati na mwenye maneno.

"Nimeifunga mimi, Bwana Picha," alisema Oddleiv. "Nimefunga suti hizi wewe ukiwa bado unanyonya."

"Bado vidole viwili," alisema Eldrid.

Jostein akapitisha kidole mgongoni mwake. Akasimama. Akaisukuma zipu mpaka ikagota. "Kweli. Vidole viwili kamili. Ungeshuka na kurudi umejaa maji ya nyuzi nne mpaka magotini. Umejuaje?"

"Mama."

Wanaume wawili wakatazamana. Oddleiv akavua kofia akajikuna kichwa. "Yule shemeji yangu," alisema, "akiwa nyumbani anamenya viazi bado anatuumbua sisi huku."

Kamba ilikuwa ni sharti la Eldrid. Wazamiaji wa siku hizi hawafungwi kamba, wanashuka wawili wawili na kuchungana. Lakini alipomwambia Jostein, miezi miwili nyuma, kwenye bwawa la mjini alikojifunzia, kwamba baharini hatashuka bila kamba kifuani na mtu wa kuishika juu, Jostein hakucheka. Alisema tu, "Basi tutafute kamba nzuri." Usiku huo Eldrid alijua kwamba anampenda mtu huyu vibaya sana.

Sasa Jostein alimfungia kamba kifuani, kidogo kidogo, akikosea fundo mara mbili.

"Unaona baridi?" Eldrid alimuuliza.

"Hapana. Naogopa."

"Wewe? Mara elfu mbili umeshashuka."

"Siogopi maji. Naogopa usipende." Alikuwa hathubutu kumtazama, alikuwa akilitazama fundo. "Nimekuwa nikijiambia, asipopenda, ni sawa, nitaelewa. Nadanganya. Sitaelewa kabisa."

Eldrid alimshika kidevu akamwinua uso. Maji yaliguna chini ya mbao za gati na shakwe mmoja alitembea mbele yao kama mwenye nyumba.

"Mtabusiana au mtashuka?" aliuliza Oddleiv. "Maana mimi mikono inaganda."

"Vaa glavu, baba mdogo."

"Ukiwa na glavu huisikii kamba, mwanangu. Mama yako alinifundisha hilo pia. Haya, kila dakika tano, mmoja. Ukinijibu, nakaa. Usiponijibu, nakuvuta kama samaki."

*

Kitu cha kwanza kilikuwa baridi. Ngozi pekee iliyobaki wazi ilikuwa ya mashavu na midomo, na maji yaliibana hapo mpaka Eldrid akahisi kila jino lake. Cha pili kilikuwa sauti ya pumzi zake mwenyewe, za haraka, za mtu anayekimbizwa. Jostein alimshika mikono yote miwili, akamtazama kupitia kioo, akapumua polepole mbele yake mpaka naye akamfuatisha. Ndivyo Eldrid mwenyewe anavyowafanyia watoto wake wanaolia darasani. Pumzi zikatulia. Mvuto mmoja ukaja kifuani, akaujibu kwa mmoja.

Halafu akatazama chini.

Alikuwa amekulia hatua thelathini kutoka hapo. Maisha yake yote alikuwa ameyatazama maji haya kupitia dirisha la chumbani, ya kijivu asubuhi, ya kijivu jioni, na kama ungemuuliza kuna nini chini angekujibu mawe. Sasa chini ya miguu yake kulikuwa na msitu. Mwani mrefu kumzidi yeye, wa rangi ya asali, ulisimama shina kwa shina ukiyumba wote pamoja upande mmoja, kisha wote pamoja upande mwingine, bila haraka. Jua la Aprili liliingia kati ya majani na kutembea mchangani.

Walishuka kando ya ukuta wa mwamba. Ukuta ulikuwa hai. Eldrid hakupata neno jingine, hata baadaye alipojaribu. Hapakuwa na mahali pa kuweka kidole pasipo na mwenyeji wake. Maua ya nyama, meupe na ya rangi ya chungwa, yaliyofungua vijikono vyake kwenye mkondo. Viti vya pweza vyekundu, nyota zile za baharini, vikipanda polepole kama wazee wanaokwenda kanisani. Konokono mmoja asiye na kombe, mdogo kama punje ya mchele, mweupe, mwenye ncha za waridi mgongoni kote. Yale maua ya nyama yakinaswa na nyavu huja juu yamesinyaa, na watu wa Sandvær huyaita mkono wa maiti. Eldrid aliyatazama yakila na kupumua, akaona aibu kwa niaba ya kisiwa kizima.

Mbele ya kioo chake kikapita kitu cha ukubwa wa limau, kiangavu kama glasi, na ubavuni mwake mistari minane ya rangi ikikimbia, kijani, zambarau, dhahabu, bila kukoma, bila kelele. Akaacha kupumua, jambo ambalo ni marufuku. Jostein akamgusa bega. Alipogeuka aliona kwamba Jostein hakuwa akitazama kile kitu. Alikuwa akimtazama yeye.

Akajua basi kwamba mtu huyu alikuwa na haya yote peke yake, kila siku, na kila siku alipanda juu akitafuta wa kumgawia. Alijisikia kulia, akajizuia, maana machozi ndani ya miwani ya kuzamia hayana pa kwenda.

Chini kabisa, kwenye mchanga, Jostein alinyoosha kidole. Kombe la duara lilikuwa limelala limefunguka kidogo, na kwenye ukingo wake kulikuwa na safu ya macho, madogo, meusi, mengi kuliko ungeweza kuhesabu, yote yakiwatazama. Jostein akapapasa mchanga karibu yake. Kome akajifunga, pa! Akajifungua, akajifunga, pa, pa, pa, akainuka mchangani na kwenda zake akipiga makofi, mpaka akapotea kwenye mwani.

*Wanapiga makofi, nawaambieni.* Ilikuwa sauti ya baba yake, mezani, uma mkononi. *Ukiwasogelea wanakupigia makofi na kuondoka.* Na mama yake upande wa pili wa meza: *Asbjørn, una mtoto hapa, usimfundishe uongo.* Walikuwa wakicheka wote watatu. Hilo lilikuwa neno la kila wiki nyumbani kwao.

Mvuto mmoja. Akajibu mmoja.

Kisha Jostein akampeleka mpaka kwenye ufa wa mwamba, akawasha taa ndogo, na hapo ndani alikuwapo yeye. Samaki kibonge, hana magamba, ana matuta mgongoni na sura ya mzee aliyeamshwa usingizini. Tumbo lake lilikuwa jekundu kama makaa. Chini ya kidevu alikuwa na kitu kama kikombe cha mpira, na kwa hicho alikuwa amejibana kwenye mwamba, mkondo ukimsukuma huku na huku naye haendi popote. Mbele yake kulikuwa na mayai, rundo la ukubwa wa ngumi mbili, rangi ya waridi. Alikuwa akiyapulizia maji. Anavuta, anapuliza. Anavuta, anapuliza.

Eldrid alimfahamu kwa hadithi za Jostein. Rognkall, ndilo jina lake kisiwani, dume. Jike hutaga akarudi zake kilindini, dume hubaki na mayai wiki sita, saba, hali kitu, akifukuza kaa na viti vya pweza, mpaka yaanguliwe. Jostein alikuwa amempiga picha huyuhuyu kila Jumapili tangu mwanzo wa Machi, na kila Jumapili alimkuta amekonda kidogo.

Jostein akamvika Eldrid mkanda wa kamera shingoni. Akamwekea kidole mahali pa kubonyeza, akarudi nyuma.

Samaki akamtazama Eldrid kwa jicho moja, jicho la dhahabu lenye duara la kijani. Hakukimbia. Alikuwa na kila sababu ya kukimbia, yeye mdogo kama mkate na huyu mkubwa anayetoa mapovu. Akajibana zaidi, akapulizia mayai yake. Eldrid akabonyeza mara moja tu, kisha akaiteremsha kamera, maana hakutaka kitu chochote kikae kati yao wawili.

Ni hapo alipokumbuka kwamba kamba haijauliza.

Aliitazama saa mkononi. Dakika nane tangu mvuto wa mwisho. Akavuta yeye, mmoja. Akangoja. Hakuna. Akavuta tena. Kamba ilikuwa nzito na bubu, imekaza kidogo upande mmoja, haina mtu. Aliijua kamba ya namna hiyo ingawa hakuwahi kuishika; alikuwa ameiota miaka tisa. Ilikuwa imefungwa nguzoni.

Pumzi zikaanza kukimbia. Jostein aliona macho yake, akamfikia papo hapo, akaonyesha dole gumba juu: tunapanda. Eldrid alitaka kupanda. Alitaka kupanda mpaka jikoni, mpaka kwenye viazi, asirudi tena. Alifikiri, hivi ndivyo ilivyokuwa kwa baba. Alivuta, akangoja, na hakuna aliyeuliza.

Ndipo kamba ikatikisika.

Ikatulia. Kisha ikaanza kuvutwa polepole sana, ikikusanya ulegevu wake wote, mpaka ikafika mahali ikasimama, haikukaza wala haikulegea, iligusa tu. Oddleiv hakushika kamba hivyo. Alikuwepo mtu mmoja tu kisiwani aliyeshika kamba hivyo, na mtoto aliyekaa utotoni gatini, miguu ikining'inia, akitazama mikono hiyo, asingeweza kukosea.

Mvuto mmoja.

*Uko salama?*

Eldrid alishika kamba kwa mikono yote miwili. Alijua kitakachofuata. Minne. Mama yake amekuja kumtoa, na ikija minne atapanda, hakuna namna, na akipanda hivyo hatashuka tena, na Jumatatu meli itaondoka na mtu mmoja. Hata hivyo alijibu, maana kamba hujibiwa.

*Salama.*

Akahesabu mpaka kumi. Minne haikuja. Juu, kupitia maji, alisikia tu boti ya mtu ikipita mbali. Jostein alikuwa amemshika kiwiko, dole gumba bado limesimama, likiuliza. Eldrid akatikisa kichwa. Akafanya jambo ambalo hakulifikiri kabla. Alivuta miwili.

*Nilegezee, nisogee mbele.*

Kamba ikakaa kimya. Ilikaa kimya muda mrefu kuliko wote wa maisha yake. Samaki alipulizia mayai yake, akavuta, akapuliza. Kisha kitu kikamwondokea kifuani, na kamba ikashuka mbele ya uso wake ikijikunja taratibu, mkono mmoja, mkono wa pili, mkono wa tatu, imeachiwa.

Eldrid alimgeukia Jostein. Alimshika mkono wa kulia uliovaa glavu nene, akauvuta. Mara moja. Jostein hakuelewa. Akauvuta tena, mara moja, na kumtazama mpaka ndani ya macho. Akaona jibu likimfikia: salama, ndiyo. Mdomoni mwa Jostein mapovu yakapasuka, alikuwa akicheka, chini ya maji, mtu mzima, akicheka mpaka mashavu yakainua miwani ikajaa maji, na ikabidi Eldrid, mwanafunzi wa miezi miwili, amshike bega bwana harusi wake alipokuwa akiyapuliza maji yatoke kwenye miwani.

Halafu kamba ikaita. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Moyo ukamruka. Mitano.

Kahawa tayari.

*

Gudveig alikuwa amepiga magoti kwenye mbao zilizolowa, aproni bado kiunoni, ndala za ndani miguuni, mikono mitupu imekuwa myekundu kwa baridi. Nyuma yake alisimama Oddleiv na chupa ya kahawa kifuani.

"Dakika moja tu, shemeji," alikuwa bado akisema. "Niliifuata kahawa hapo bandani. Niliizungusha nguzoni mara mbili tu."

"Oddleiv."

"Naam."

"Nyamaza."

Alimvuta binti yake ngazini kwa mkono mmoja, mkono wa pili haukuiachia kamba. Hakumkumbatia. Alimgeuza kwanza akapitisha kidole kwenye zipu, mpaka mwisho. Ndipo akamkumbatia, na mtungi na mkanda wa uzito na maji yote, akambana.

"Nilikuja kukuvuta," alimwambia sikioni. "Nimetoka nyumbani nikisema nitavuta minne. Nikakuta kamba kwenye nguzo. Nikaishika tu, Eldrid. Mikono iliishika yenyewe. Halafu ukaniomba nikulegezee."

"Ungekataa, mama."

"Hukuomba kama mtu anayeogopa." Akamwachia, akajifuta uso kwa aproni. Kisha akamgeukia Jostein, ambaye alikuwa amesimama anadondosha maji, hajui mikono aiweke wapi. "Wewe. Njoo hapa."

"Naam, mama."

"Amekujibu?"

"Amenijibu."

"Huko Vardø mtashuka wote?"

"Akitaka. Na akibaki juu, kamba atashika yeye. Na akishuka yeye, nitaishika mimi."

"Mkigombana je? Maana mtagombana. Asubuhi, kwa upuuzi, mtagombana."

Jostein alifikiri, hakuharakisha. "Siku hiyo hashuki mtu," alisema. "Au anashuka na hasira zake, na mwingine anashika kamba na hasira zake. Lakini haifungwi nguzoni. Nakuahidi, mama."

Gudveig alimtazama pua ile iliyopinda na masikio yale mekundu. "Unakula kondoo?"

"Nakula."

"Saa kumi. Na ukakate nywele, Oddleiv atakukata, angalau jambo hilo hawezi kuliharibu zaidi."

Oddleiv akacheka kwa shukrani, akamimina kahawa. Eldrid akawasha kamera na kumwonyesha mama yake picha, ile moja. Gudveig aliishika karibu na uso, akalikinga jua kwa kiganja. Alitazama kwa muda mrefu lile tumbo jekundu, yale mayai, lile jicho la dhahabu.

"Huyu yuko hapa? Hapa chini yangu?"

"Hapo ulipopiga magoti, mama. Mita sita."

"Anakula nini?"

"Hali kitu. Anayangoja."

Gudveig alimrudishia kamera, akaanza kuondoka, hatua tatu, nne, ndala zikichapa kwenye mbao. Kamba ilikuwa bado mkononi mwake na ncha yake, ambayo Eldrid alikuwa ameshaifungua kifuani, iliburutwa nyuma ikateleza ukingoni na kuingia majini. Akasimama. Hakugeuka.

"Eldrid."

"Abee, mama."

"Wale kome wa baba yako." Sauti ilikuwa imepungua. "Ni kweli wanapiga makofi?"

"Kweli, mama. Nimemwona mmoja leo. Anapiga makofi na kuondoka."

Mgongo wa Gudveig ulitikisika, na kwa muda hawakujua kama ni kicheko au kilio.

"Siku ile tulikuwa na wageni mezani, watu wa bara waliolala kwetu," alisema. "Akaanza tena habari ya kome. Nikamwambia mbele ya watu, Asbjørn, mimi nimechoka kuolewa na mwongo. Akainuka. Nami nikabaki na vyombo vyangu." Akavuta pumzi. "Ndilo tulilogombania. Kome."

Jostein alitafuta mkono wa Eldrid akaushika.

Gudveig akarudi mpaka ukingoni. Aliitazama ncha ya kamba pale ilipozama, akaikusanya polepole mpaka ikawa haijakaza wala haijalegea. Akaivuta mara moja. Akangoja kidogo. Kisha akaikunja kamba yote, akaitia begani, akaenda kuangalia viazi vyake.